Mashine ya kufulia haiingizi maji: usilipie bodi kabla hujapima tanki

Dada, pole sana. Nimesoma ulivyoeleza: mashine yako ya kufulia ni ya mlango wa mbele, mmehamia nyumba inayotumia simtanki mwezi uliopita, na ukiiwasha mlango unajifunga vizuri, nyuma kunanguruma kidogo, lakini maji hayaingii. Baada ya dakika kadhaa inaandika kosa na kusimama. Fundi amesema bodi, yaani sakiti ya umeme inayoiongoza mashine, imekufa, anataka laki mbili na nusu. Nakuomba hiyo hela usiitoe kwanza. Mimi niliitoa, na tatizo likabaki palepale.

Nakaa Kimara, Dar es Salaam. Mama yangu alipata kiharusi akawa hatoki kitandani, na mashuka yake yalikuwa yanafuliwa kila siku, siku nyingine mara mbili. Mashine ilipogoma niliumia kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu aliyebaki kufua kwa mkono ni mdogo wangu ambaye tayari alikuwa hapati usingizi. Fundi akaja, akafungua kifuniko, akasema bodi. Tukanunua bodi. Ikafanya kazi siku mbili, siku ya tatu ikagoma vilevile. Akasema bodi mpya nayo ni mbovu.

Nilikuja kugundua jambo moja nikiwa nimekaa uani jioni. Siku mbili ilizofanya kazi ni zile maji ya mgao yalipofunguliwa na tanki likajaa hadi juu. Siku iliyogoma tanki lilikuwa chini ya nusu. Nikarudi nyuma kukumbuka wiki zote zilizopita, na ilikuwa hivyohivyo.

Sasa turudi kwenye huo mngurumo unaousikia, maana ndio ushahidi wako mkubwa. Valvu ya kuingizia maji iko nyuma, juu, pale unapofunga mpira wa maji. Ina koili ya umeme, na koili ikipata umeme ndiyo inayonguruma. Anayeipelekea umeme ni bodi. Kwa hiyo kama mngurumo unatoka pale juu nyuma, bodi imeshafanya sehemu yake. Tega sikio vizuri, kwa sababu mashine nyingi zikianza huendesha pampu ya kumwaga maji kwa sekunde chache, na hiyo hulia chini. Weka kiganja kwenye bati karibu na mpira. Ukihisi mtetemo, ni valvu.

Kwa nini basi inanguruma na haifunguki? Wengi tunadhani umeme ndio unaonyanyua mlango wa maji. Sivyo. Ndani ya valvu kuna kiwambo cha mpira, na umeme unafungua kitundu kidogo tu katikati yake. Maji yaliyokikalia kiwambo kwa juu yanatoka kupitia kitundu hicho, halafu maji yanayosukuma kwa chini ndiyo yanayokinyanyua. Yakikosa nguvu, kiwambo kinabaki kimelala hata kama koili inanguruma hadi asubuhi. Au kinanyanyuka kidogo, maji yanachuruzika, muda wa kusubiri unaisha, na kosa linatokea. LG huandika IE, Samsung 4E au 4C. Maana yake ni kwamba maji hayajafika kwa wakati. Haisemi kitu kuhusu bodi.

Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu ya maji hupimwa kwa baa, na kila mita moja ya kimo cha maji inatoa takriban baa 0.1. Kijitabu cha mashine yangu kinataka angalau MPa 0.05, yaani baa 0.5, ambayo ni mita 5 za maji kupanda juu kutoka pale mpira unapoingia kwenye mashine. Stendi inayobeba tanki letu ina mita 3. Tanki likijaa, maji yanaongeza mita 1.2 hivi. Ukitoa sentimita 90 za kimo cha mashine yenyewe, tunabaki na mita 3.3. Likifika nusu, 2.7. Ilikuwa inafanya kazi kwa kubahatisha tangu siku ya kwanza! Kila mashine ina kiwango chake, hivyo angalia kijitabu chako au kibandiko cha nyuma, kisha chukua futi ya fundi upime stendi yenu.

Kabla ya hapo, fanya kazi ya nusu saa. Chomoa mashine kwenye umeme, funga koki, fungua mpira kwa mkono, weka beseni chini kwa sababu kuna maji yatamwagika. Kisha shika mpira juu, usawa ule ule unapoingia mashine, fungua koki yote na uelekeze maji kwenye ndoo kwa dakika moja kamili. Nasisitiza kuushika juu. Mimi mara ya kwanza niliutupa ndani ya ndoo sakafuni, maji yakatoka kwa nguvu nikaamini hayana shida. Kumbe nilikuwa nimeyaongezea karibu mita nzima ya kushuka. Nilipoushika juu nilipata lita 3 tu kwa dakika.

Ukiwa hapohapo, chungulia kwenye mdomo wa valvu. Kuna kichujio kidogo cha plastiki. Kivute taratibu kwa koleo lenye mdomo mwembamba. Changu kilikuwa na mchanga, kutu na ukoko mweupe, kwa sababu mgao ukikatika tunanunua maji ya kisima, na ya kwetu yana chumvi. Kisugue kwa mswaki wa zamani. Ukoko ukigoma kiloweke kwenye siki kwa saa moja. Angalia pia upande wa pili wa mpira, mingine ina wavu hapo. Hili pekee laweza kumaliza tatizo lako, hasa kwa vile mmehamia karibuni: tanki likisogezwa au likijazwa upya, matope ya chini yanatibuka na kuteremka yote kwenye bomba.

Tafadhali usikubali mtu akakitupa kichujio ili maji yapite vizuri. Nimeona ikifanywa. Mchanga unaingia hadi chini ya kiwambo, valvu inashindwa kufunga, na maji yanaendelea kuingia hata mashine ikiwa imezimwa. Unaamka unakuta yamefika sebuleni.

Kama hakuna mngurumo kabisa, basi njia ni nyingine: mlango ambao haujajifunga sawasawa (bila mlango kujifunga, mashine haiombi maji), au koili imekatika. Fundi mwenye maltimita, kile kipimo cha umeme, anaipima dakika moja, mashine ikiwa imechomolewa. Koili nzima ya volti 220 hadi 240 kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 3.5 na 4.5. Ikikatika unabadilisha valvu, ambayo ni rahisi mno kuliko bodi. Na kama unasikia maji yanaingia lakini hayajai, angalia mpira wa kutolea maji. Ukilazwa chini sakafuni, maji yanajitoa yenyewe kadiri yanavyoingia. Uinue, mwisho wake uwe sentimita 60 hadi 100 kutoka chini.

Wakati unatafuta suluhisho, nguo zisikusubiri. Mashine ikianza kunguruma kuomba maji, mimina maji safi taratibu kupitia droo ya sabuni, kopo kwa kopo, mpaka ngoma ianze kuzunguka na mngurumo ukome. Yangu inachukua kama ndoo moja ya lita 10 kila inapoomba, na utarudia wakati wa kusuuza. Inachosha, lakini tulifua mashuka ya mama hivyo kwa wiki tatu.

Kwetu kunyanyua stendi ilikuwa gharama kubwa, tukaweka pampu ndogo ya nusu hosipawa kwenye bomba linaloelekea bafuni. Hapa nilikosea tena, na sitaki ukosee. Pampu ya kwanza ilikuwa ya aina inayojiwasha maji yakianza kutembea. Valvu inasubiri nguvu ndipo ifunguke, pampu inasubiri maji yatembee ndipo iwake. Vyote viwili vikabaki vinasubiriana. Niliirudisha dukani nikaongeza hela nikachukua yenye swichi ya presha na kitanki chake kidogo, ambayo inaweka nguvu kwenye bomba hata kabla mashine haijaomba. Tangu hapo mashine haijagoma, na lita zimefika 12 kwa dakika.

Naomba leo jioni upime kimo cha stendi, uangalie tanki liko wapi, ushike mpira juu uhesabu lita. Uniandikie hapa na jina la mashine pamoja na hilo kosa inaloandika, nikuambie kama kusafisha kichujio kunatosha au mtahitaji pampu. Fundi mwambie asubiri hadi Jumamosi.