Maswali Yenu: Mufasa Kweli Alikuwa na Kigugumizi?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Kisauni, niko kwa kikundi cha maigizo lakini nina kigugumizi. Mstari ukianza na b ama p nakwama hapo hapo, wenzangu wanaanza kucheka, na juzi dairekta kanitoa kwa pati kubwa kanipeleka kwa mataa. Rafiki yangu asema hata alofanya sauti ya Mufasa, yule mfalme simba kwa filamu ya The Lion King, alikuwa hivo hivo. Ni kweli ama yuanifariji tu?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Kweli tupu. Huyo ni James Earl Jones, kazaliwa 1931 Mississippi, Marekani, akalelewa na babu na nyanyake, wakahamia Michigan angali mdogo na ndo huko ulimi ukafunga, karibu miaka 8 shuleni ni kimya, maneno yake ni ya nyumbani na mifugo basi.

Sasa sikiza hii. Sekondari alikuwa na mwalimu wa Kiingereza, Donald Crouch, akaja kugundua huyu bubu wake kumbe aandika mashairi. Siku hiyo kijana kaleta shairi la kusifu balungi (ndio, balungi, lile tunda chungu), kalipima kwa mapigo ya Longfellow, mshairi wa Marekani, yaani mizani 8 kila mstari kama tenzi zetu. Mwalimu akamwambia hili zuri mno, siamini ni lako, kama ni lako simama uliseme mbele ya darasa kwa kichwa. Weh! Kuitwa mwizi na kukwama, bora lipi? Akasimama akalitoa lote, hakukwama hata pahali pamoja. Hapo ndo nampenda yule mwalimu, hakumhurumia, alimchokoza.

Lakini usidanganywe eti kilipona. Mwenyewe mpaka uzeeni alikuwa asema kigugumizi bado anacho, amejua tu kuishi nacho. Kwa hivo wewe chukua utenzi wowote ulokariri madrasa, nenda ufuoni Pirates asubuhi watu hawajajaa, ughani kwa sauti ya juu, kila siku, alafu ndo uingie kwa mistari ya mchezo na mapigo yale yale.

Na hayo mataa usiyadharau. Jones kwenye Ramsdell Theatre kule Manistee alianza kama seremala wa jukwaa, na New York akasomea uigizaji huku asugua sakafu za watu. Mwaka 1969 akabeba Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, kwa kuigiza bondia kwenye mchezo wa The Great White Hope, 1987 akabeba tena kwa Fences. Sauti ya Darth Vader, yule mbaya wa filamu za Star Wars, ni yake pia, tena mwanzo alikataa jina lake lisiwekwe, na yule mfalme wa Zamunda kwenye Coming to America ndo huyo huyo. Huyo dairekta wako, mimi naona kaharakisha, mwombe akusikize tena ukiwa umekariri.

SWALI: Na Oscar je, alipata? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Ya kushindania hakupata, aliteuliwa mara moja tu, kwa filamu ya huo huo mchezo wa bondia, akakosa. Ya heshima walimpa 2011. Mimi naona waliochelewa ni wao. Broadway, mtaa wa maigizo kule New York, 2022 walibadilisha jina la ukumbi wa Cort ukawa wake, na akafariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93.