Pakiti au Mtiririko: Hesabu Matukio Kwanza

Mara ya kwanza kuiga mtandao kwenye kompyuta, nilikuwa na ulafi wa kutaka kuona kila kitu. Nilichukua kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde, Mombasa hadi Nairobi, nikakiendesha kwenye ns-3, programu ya kuiga mitandao, pakiti kwa pakiti, yaani kifurushi kimoja kidogo cha data baada ya kingine. Kiungo hicho kikijaa pakiti za baiti 1,500, zapita kama 83,000 kila sekunde, na kila moja huzaa matukio yake: kufika, kupanga foleni, kuondoka. Mimi nikaomba kuiga saa nzima. Laptopu ikavuma usiku kucha kwa joto la kaskazi. Alfajiri stima ikapotea, na kazi yote nayo.

Mwenzangu akacheka. "Kaka, wewe wahesabu abiria wa Likoni mmoja mmoja. Si utazame tu umati unavyoshuka feri?"

Ndio uigaji wa mtiririko huo. Data huchukuliwa kama maji bombani, na kompyuta hushughulika pale tu kasi inapobadilika. Mtumaji akishika kasi ileile dakika kumi, hakuna cha kukokotoa. Majibu niliyapata chai ikiwa bado ya moto.

Nikajiona mjanja, nikaongeza watumaji wengi na ruta, vile vifaa vinavyoielekeza data njiani. Programu ikaanza kujikokota, ikawa nzito kushinda ile ya pakiti! Mitiririko ikigombea foleni moja iliyojaa, mmoja ukibadili kasi, mingine yote itokayo hapo hubadilika, kisha yaenda kuvuruga ruta ya pili, na ya tatu, kama viwimbi vya jiwe lililotupwa majini. Kwa hiyo usihesabu pakiti peke yake; hesabu pia kasi zitabadilika mara ngapi. Mitiririko michache minene kwenye viungo vipana, tumia maji. Mingi myembamba inayopishana kwenye ruta nyingi, pakiti huenda zikakufaa zaidi.

Kisha bosi akauliza: simu za sauti je, zitakatika-katika? Hapo maji hayasemi. Jumla ya kasi ikiwa chini ya uwezo wa kiungo, kwenye mtiririko foleni ni sifuri, ilhali pakiti mbili zikifika pamoja, moja lazima ingoje. Na sauti huharibiwa na kungoja kuko huko kusiko sawa.

Siku hizi nachanganya: trafiki ya nyuma, yaani data nyingine inayopita tu, naiachia itiririke, simu naziiga kwa pakiti, kiungo kimoja, dakika mbili. Tena mchana, betri ikiwa imejaa.