Kabla hujalipia pawa saplai, soma lebo ya ubavuni

Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu niliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, na fedha ilipoanza kukauka nikaamua kubana kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Boksi lilikuwa limeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Nikaona zinatosha na kusaza. Wiki tatu mambo yalikwenda shwari, kisha yakaanza: gemu ikipamba moto, mashine nzima inazimika ghafla kama mtu kachomoa waya ukutani. Nilishuku joto, nikapaka upya grisi ya prosesa. Nikashuku kadi ya picha, nikaweka draiva mpya. Nilihangaika miezi miwili. Siku rafiki yangu aliponiazima pawa saplai yake, tatizo likaisha jioni ileile.

Ndipo nikaigeuza ile yangu na kuisoma lebo. Kwenye safu ya volti 12 paliandikwa ampea 30. Zidisha: 12 mara 30 ni wati 360. Wati nyingine zote zilihesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta za siku hizi hazizihitaji sana. Kadi ya picha na prosesa, walaji wakubwa kabisa, chakula chao ni volti 12. Kwa kazi niliyoitaka, nilikuwa nimenunua 360 nikidhani nina 600. Pawa saplai nzuri ya wati 750 itakuonyesha ampea 62 hivi kwenye safu hiyo, yaani karibu wati zake zote. Usipoiona hesabu hiyo kwenye lebo, iache dukani.

Je, ununue ya wati ngapi? Tuseme kadi yako inakula wati 300, prosesa 150, na bodi, feni na diski kama 60. Jumla 510. Mimi hapo ningechukua 750, wala si ubadhirifu. Kadi ya picha haili kwa utulivu. Ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde inaweza kuruka juu sana kupita kiwango chake, na pawa saplai iliyobanwa ikiona mruko huo inajizima ili kujilinda. Ndiyo maana kanuni za kutengeneza pawa saplai ziitwazo ATX 3.0, zilizotoka mwaka 2022, zinazitaka pawa saplai zenye plagi mpya ya pini 16 zivumilie hadi asilimia 200 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Ukinunua leo kwa ajili ya kadi kubwa, tafuta maandishi ya ATX 3.0. Faida nyingine ni kimya: pawa saplai isiyofanya kazi kwa kukamuliwa haipati joto sana, na feni yake haipigi kelele.

Kuhusu nembo ya 80 Plus, wengi huichukua kama cheti cha ubora. Inachopima hasa ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Ikiwa ufanisi ni asilimia 90 na kompyuta inatumia wati 450, ukutani zinavutwa 500. Wati zilizoandikwa ni zile zinazofika ndani, kwa hiyo daraja la Bronze, lililo chini ya Gold, halikupunguzii kitu kwenye 750 zako. Na hata Gold haikuambii kama ulinzi dhidi ya shoti unafanya kazi. Hilo utalijua kwa kusoma majaribio ya watu walioifungua na kuipima, na kwa kuangalia muda wa waranti. Mtengenezaji anayekupa miaka 7 au 10 anajua alichoweka ndani.

Sasa nyaya, na hapa naomba unisikilize sana. Nilipopata pawa saplai mpya yenye nyaya za kuchomoka, niliona uvivu kuzitoa za zamani, nikachomeka waya wa diski wa ile ya kwanza kwenye hii mpya. Uliingia vizuri kabisa. Nilipowasha, diski ikafa, na picha za miaka minne zikaenda nayo. Upande wa diski plagi zote hufuata mpangilio mmoja, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Volti 12 zilipita mahali pa volti 5. Siku hizi kila seti ya nyaya naifunga kwa utepe wenye jina la pawa saplai yake, na pawa saplai ikienda kwa mtu mwingine, nyaya zake zote zinaondoka nayo.