Maswali ya wasomaji: Bakteria wa ukoma alipotezaje jeni zake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma baiolojia na nimekutana na kitu kimenichanganya, eti bakteria wa ukoma kwenye DNA yake kuna jeni kibao zilizokufa, zipo tu hazifanyi kazi. Sasa mi siku zote najua mageuko yanamfanya kiumbe awe bora, huyu mbona kama anaharibika? Na kama kaharibika hivo mbona bado anaumiza watu?

JIBU: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili.

Ulichosoma ni kweli. DNA ya bakteria wa ukoma, Mycobacterium leprae, ilisomwa yote ikatangazwa mwaka 2001, ina herufi (yaani vipande vidogo vinavyoiunda DNA) kama milioni 3.27, na ndani yake jeni nzima za kutengeneza protini ni kama 1,600 wakati mabaki ya jeni zilizokufa ni zaidi ya 1,100. Ndugu yake wa kifua kikuu ana herufi milioni 4.4 na jeni karibu 4,000. Babu yao mmoja, lakini nyumba ya huyu nusu ni magofu.

Hilo neno "bora" liweke pembeni kwanza. DNA ya bakteria yeyote inapata makosa wakati wa kunakiliwa, hilo halikwepeki. Anayeishi nje, kwenye udongo au maji, leo chakula hiki kipo kesho hamna, jeni yake ya muhimu ikiharibika wenzake wanamzidi, anakufa na kosa lake. Sasa huyu aliyehamia ndani ya seli za kiumbe mwingine, vitu vingi anavikuta tayari, jeni ikivunjika wala hashtuki, anazaa na watoto wanairithi hivohivo mbovu.

Lakini hapa wengi wanaishia njiani, wanadhani bakteria anatua mizigo asiyoihitaji tu. Hapana, anapoteza hadi vitu vyenye faida! Wanaohamia kwa mwenyeji mpya, yaani kiumbe watakayeishi ndani yake, huwa ni wachache, na kwenye kikundi kidogo hata mwenye kasoro anaweza kuwa ndo aliyebaki, kwa bahati tu, alafu wakishajifungia ndani ya seli hawakutani na bakteria wengine wa kupeana nao DNA kama wafanyavyo wa nje, kwa hiyo jeni ikishaharibika kwa wote hamna pa kuipata nzima tena. Wengi wanapoteza mpaka jeni za kurekebisha DNA, hapo makosa ndo yanazidi. Na yale magofu nayo yanafutika polepole, maana kwa bakteria makosa ya kukata DNA ni mengi kuliko ya kuongeza.

Kwa hiyo wa ukoma mi namwona yuko katikati ya safari. Aliyefika mbali ni Buchnera, anaishi ndani ya seli za vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, na wako pamoja zaidi ya miaka milioni 100. Amebaki na herufi kama 640,000 na jeni zisizofika 600. Zilizobaki ndo zinanishangaza kila nikizisoma, ana jeni za kutengeneza asidi amino, yale matofali ya kujengea protini, ambazo kidukari hazipati za kutosha kwenye utomvu, lakini zile ambazo kidukari anajitengenezea mwenyewe, kwa Buchnera karibu zote zimeshapotea. Mpe kidukari antibayotiki ya kuua Buchnera, anadumaa na kuzaa kunakuwa shida.

Kuhusu kuumiza watu, wa ukoma amebakiza vya kumtosha kuishi ndani ya seli zetu, zikiwemo za neva. Ila gharama anailipa, kugawanyika mara moja kunamchukua kama wiki mbili na maabara haoti kwenye sahani, ikabidi wanasayansi wamkuze kwenye nyayo za panya. Na ukoma unatibika kwa mchanganyiko wa dawa, naomba uwaambie na wenzako darasani.

SWALI: Je, bakteria anaweza kupoteza jeni mpaka aishe kabisa?

JIBU: Anaweza kusogea karibu sana. Nasuia, anayeishi ndani ya wadudu wengine wafyonzaji, ana herufi kama 112,000 tu. Na mitokondria zako wewe mwenyewe, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zilianza kama bakteria, sasa zimebaki na herufi 16,569 na jeni 37, nyingine zilihamia kwenye kiini cha seli na nyingine zikapotea moja kwa moja, ila zenyewe zipo na bila hizo huishi. Kuisha kabisa nako kumetokea, kuna jamii za vidukari ambazo Buchnera hayumo tena, kazi yake anafanya fangasi wa jamii ya hamira aliyeingia baadae.