Utrasaundi imesema kilo 3.9, nimeacha kula usiku

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, mimba ya kwanza, wiki ya 37. Juzi nilipima utrasaundi wakaniandikia mtoto ana kilo 3.9. Mume wangu ni mrefu, na mama mkwe kila siku anasimulia kwamba yeye alimzaa "kama mtoto wa miezi mitatu". Mimi mwembamba. Jirani tunayechota naye maji aliniangalia kiuno akasema, "Wewe kisu hukikwepi." Tangu siku hiyo sili usiku ili mtoto asiongezeke. Wifi yangu naye kaniletea mizizi ya kuchemsha, eti iwahishe uchungu kabla hajazidi kukua. Silali. Nifanyeje?
Mwenye Hofu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, leo usiku kula. Njaa ya wiki ya 37 haimpunguzi mtoto. Inakumaliza nguvu wewe, na leba ni kazi ya nguvu. Ugali na dagaa, matembele, maharage, kula. Nitakunyima soda na juisi ya miwa tu, sababu nakuja nayo.

Hiyo mizizi mrudishie wifi, au ukiona haya, itupe akishaondoka. Miaka yangu yote ya ukunga sijamwogopa mtoto mkubwa kama nilivyomwogopa mama aliyefika ameshakunywa dawa ya kuongeza uchungu nyumbani. Hakuna anayejua kipimo chake. Mji wa mimba unabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka.

Sasa hiyo 3.9. Tumboni hakuna mizani. Mashine inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inapiga hesabu, na hesabu hukosea kwa asilimia 10 hata 15, juu au chini. Wako anaweza kuwa wa 3.4, anaweza kuwa wa 4.4. Nimeshampokea "kilo 4.3" aliyetoka na 3.5, mama yake akakaa kama mtu aliyepunjwa sokoni. Nimempokea pia wa 4.2 kutoka kwa muuza maandazi mwembamba kuliko wewe, wala hakuongezewa njia. Kiuno anachokitazama jirani si nyonga. Nyonga iko ndani, na mifupa ya kichwa cha mtoto hupandana kidogo ili apite.

Sikufichi, hatari ipo. Akifika kilo 4 na zaidi tunachohofia ni mabega kukwama kichwa kikishatoka, na hapo tunahesabu dakika. Mkunga havuti kwa nguvu. Anaita wenzake, wanakukunja magoti yaje kifuani, mmoja anakandamiza juu ya kinena, na mara nyingi bega huachia. Hiyo si kazi ya mikono miwili. Kwa hiyo usijifungulie nyumbani, wala kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu. Kliniki waulize mapema kama wakupe rufaa ya Temeke, na uwe na namba ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku. Barabara ya Kilwa unaijua.

Kuna jambo hukuliandika: ulipimwa sukari? Sukari ya mimba ndiyo humnenepesha mtoto mabegani na tumboni. Kipimo cha kunywa maji ya glukosi kwa kawaida ni kati ya wiki ya 24 na 28. Kama kilikupita, kesho nenda kaombe upimwe. Ikiwa iko juu, daktari atapanga nawe siku na njia ya kujifungua. Ikiwa iko sawa, 3.9 ya kwenye karatasi peke yake si sababu ya kupasuliwa; hata miongozo ya madaktari wa uzazi wa Marekani huanza kuzungumzia kisu makadirio yakifika kilo 5, au 4.5 kwa mama mwenye kisukari. Na akizaliwa mkubwa, mnyonyeshe ndani ya saa moja, maana sukari yake huweza kushuka.

Jirani dawa yake ni kubadili saa ya kuchota maji. Mama mkwe muulize tu, kwa utani na kwa adabu, yule mtoto wa miezi mitatu alipimwa na mizani gani.