Barua kwa mwanangu: mbona naamka na moyo mzito?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Umeniuliza mbona ukiamka moyo hukwenda mbio na huna raha ya lolote, ilhali kazi unayo na hujagombana na mtu. Ukauliza pia kama ni kijicho, au imani imepungua. Dua usiiache, lakini tuitazame kwanza siku yako ilivyo, maana mengi yanayouelemea moyo huingia kwa mlango wa usingizi.

Tuanze na kahawa. Muuza kahawa hupita na dele lake hapo maskani magharibi, na vile vikombe vidogo humhadaa mtu: vitatu, vinne hushuka bila kuhesabiwa. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Uliyoinywa saa 12 jioni, ikifika saa 5 usiku nusu yake bado imo. Utalala kwa uchovu, ila usingizi hauzami, na asubuhi utataka kahawa nyingine ya kukuamsha. Kikombe cha mwisho kiwe saa 8 mchana. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa kidogo, kwa hivyo usihamie huko ukadhani umepona.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ndio unaonitia hofu zaidi. Yana kathinoni, kichangamshi ambacho hupandisha presha na mapigo ya moyo, huua njaa na kufukuza usingizi. Stimu ikiisha hubaki unyong'onyevu na hasira za karibu, na wengi hujitibu kwa kununua mwingine. Nakuuliza bila kukulaumu: siku za moyo mzito si ndizo zinazofuata usiku wa kutafuna? Chukua daftari, uandike kwa siku 14: saa uliyolala, saa uliyoamka, ulichotafuna na kunywa, na moyo ulivyokuwa kwa alama 0 hadi 10. Ukiuacha muguka, siku za mwanzo utasinzia, utasononeka na pengine kuota ndoto mbaya. Hayo hupita. Tembe za usingizi za vichochoroni usiziguse kabisa, utafungwa na viwili badala ya kimoja.

Usingizi wenyewe, watu huukosea kwa kuhangaikia saa ya kulala. Ishike saa ya kuamka, iwe ile ile hata Jumapili. Ukishaswali alfajiri usirudi kitandani na simu. Jua likichomoza toka nje dakika 20, kwani mwanga wa asubuhi ndio unaoupangia mwili saa zake. Usiku, mwili hauzami usingizini mpaka joto lake lishuke kidogo, na kaskazi ya Mombasa haisaidii. Oga maji ya vuguvugu saa moja kabla ya kulala, tandika shuka ya pamba, elekeza feni kitandani. Ukigaragara kama dakika 20 bila usingizi, inuka ukae kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Anayeng'ang'ania kulala huku akiwaza kodi ya nyumba hukifundisha kichwa kuwa kitanda ni mahali pa kuwazia.

Moyo ukikimbia, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, dakika 5. Kutoa ndiko kunakotuliza, usikuharakishe. Tembea pia jioni, hata pale Mama Ngina kando ya bahari, na mtu wa kuzungumza naye. Barazani kila mtu akiinamia simu yake, hapo hamjakaa pamoja.

Hata hivyo nenda hospitali ukapimwe presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyozidi kazi navyo huukimbiza moyo. Majonzi au kukosa hamu ya vitu unavyovipenda vikiendelea karibu kila siku kwa wiki 2, mwambie daktari hivyo hivyo, usimwambie "kichwa kinaniuma" tu. Ukianza kusikia sauti au kushuku kila mtu, usingoje hizo wiki. Na ukijiwa na fikra ya kujidhuru, saa hiyo hiyo niamshe, au piga 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya, simu ya bure.

Majibu ya vipimo ukiyapata, njoo nayo pamoja na lile daftari, tuyasome sote wawili.

Mamako