Rangi ya Gari Imefanya Malengelenge

SWALI: Nina Toyota Corolla ya mwaka 1999 na nyumba yangu iko karibu na bahari, hapa Malindi. Rangi imevimba juu ya tao la gurudumu la nyuma na chini ya mlango wa dereva. Fundi alipiga msasa, akajaza puti, akapuliza rangi, na boneti pia akaipaka upya. Miezi mitano baadaye uvimbe umerudi mkubwa zaidi, na boneti imetoka vipele vidogo vidogo. Je, yote ni kutu? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Ndugu msomaji, gari lako linaelekea kuwa na maradhi mawili, na dawa zake ni mbali mbali.

Vipele vilivyotapakaa kwenye boneti iliyopakwa karibuni mara nyingi ni unyevu au thina iliyofungiwa ndani ya rangi: tangi la kompresa (mashine ya hewa ya kupulizia rangi) halikumwagwa maji, bati liliguswa kwa mkono wa jasho, au koti (tabaka) la pili la rangi lilipigwa kabla la kwanza kukauka. Toboa kipele kimoja kwa wembe. Ukikuta praima (rangi ya chini ya kushikisha) au bati safi lisilo na kutu, boneti inahitaji rangi tu.

Tao la gurudumu ni jambo jingine. Hapo mabati mawili yamekutana, na tope lenye chumvi hujibana katikati. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huisukuma rangi juu. Uvimbe ukionekana nje, ndani bati limeshaliwa siku nyingi. Puti nayo hunyonya maji, kwa hiyo kuijaza juu ya kutu ni kulivisha bati kitambaa kibichi. Hilo ndilo lililokurudishia uvimbe.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa chembamba, uipitishe kwanza kwenye paa, kisha kwenye tao. Ikishika kwa ulegevu, chini kuna puti nene. Halafu ingia chini ya gari, ubonyeze bati kwa ncha ya bisibisi kutoka ndani. Likizama, hakuna rangi itakayolifaa. Likatwe mpaka kwenye bati zima, kichomelewe kipande kipya cha milimita 0.8 hivi. Waya za betri zifunguliwe kwanza, na mazulia na plastiki za ndani zitolewe. Tanki la petroli haliko mbali na cheche za kuchomelea. Kizingiti cha chini ya milango kikaguliwe vivyo hivyo, maana hicho hubeba uzito wa gari.

Mlangoni, tazama vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa chini. Maji ya mvua hupita kando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea hapo. Mchanga ukiviziba, mlango hugeuka mtungi. Mwaga kikombe cha maji kwenye mpira wa kioo. Yasipotoka chini, zibua kwa waya kabla ya kufikiria rangi.

Bati likiwa bado gumu, kwangua sentimita 5 kupita uvimbe, kwa msasa namba 80 hadi ling'ae. Kutu iliyobaki kwenye vishimo itiwe dawa yenye asidi ya fosforasi, kisha ioshwe kama kopo linavyoelekeza na ikauke kabisa. Lainisha kingo za rangi kwa namba 180, futa kwa thina, piga makoti mawili ya praima ya epoksi (aina ngumu inayozuia maji) siku hiyo hiyo. Kwa hewa yetu ya pwani, bati tupu likilala usiku mmoja huamka na kutu. Puti ije juu ya epoksi, isizidi milimita 3. Kazi ifanyike kivulini, umande ukishakauka.

Fundi akitaka kupaka lami nyeusi chini ya gari kabla ya kukwangua, mkatalie. Hufungia kutu na unyevu humo humo. Ndani ya tao atie nta ya kuzuia kutu. Na ukiosha, elekeza mpira wa maji juu, ndani ya matao, kwa maji ya bomba. Maji ya kisima yenye munyu hurudisha chumvi ile ile.